Uzi wa tatu unafunika wenzake, wa pili hausikiki: nirekebishe vipi pikapu za gitaa?

Mpigasolo

Wakuu, naomba msaada wa anayezijua pikapu kwa undani. Nina gitaa la umeme lenye pikapu tatu, yaani vile vifaa vya sumaku chini ya nyuzi vinavyogeuza mtetemo wao kuwa umeme, kila moja ikiwa na koili (waya uliozungushwa) moja. Nyuzi ni seti ya 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi, uzi wa kwanza ndio mwembamba kuliko wote), mpya. Kila pikapu ina zile nguzo sita za sumaku na hazilingani urefu: ya uzi wa tatu na ya uzi wa nne zimechomoza, ya uzi wa pili imezama kuliko zote.

Tatizo lenyewe ni hili. Nikipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa sauti safi, bila distosheni, uzi wa tatu unatoka mbele ya wote. Nikipiga solo inayohama kutoka uzi wa tatu kwenda wa pili, sauti inaanguka ghafla, nikirudi wa tatu inaruka tena. Muziki ninaoupiga ni wa noti nyepesi zinazofuatana kwa kasi, na kila noti lazima isikike sawa na mwenzake, la sivyo wimbo unakuwa na mashimo.

Nimezipandisha pikapu zote ili uzi wa pili upate nguvu. Umepata kidogo, lakini wa tatu umepata zaidi, na sasa limezuka jambo jingine: uzi wa sita, kuanzia freti ya 12 (vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa) kwenda juu, unatoa sauti inayoyumba, kana kwamba ni noti mbili zilizokaribiana. Tyuna, kile kipima noti, haitulii.

Naweza kuisukuma nguzo ya uzi wa tatu irudi chini kidogo? Na hizi pikapu zinarekebishika au nitafute nyingine?

SautiKavu

Mkuu usijisumbue na bisibisi. Weka ikwalaiza (kirekebisha masafa ya sauti), punguza masafa ya uzi wa tatu, ongeza ya uzi wa pili. Kompresa kidogo (ile inayosogeza karibu sauti kubwa na ndogo) juu yake na mambo yameisha.

FundiKoili

Mpigasolo, kabla ya lolote: usiiguse hiyo nguzo. Naanza na hili kwa sababu limeua pikapu nyingi nzuri. Katika pikapu za muundo wa kale, zile nguzo sita ndizo sumaku zenyewe. Zimebanwa kati ya vibao viwili vya faiba, na waya wa shaba umezungushwa moja kwa moja juu yake. Waya huo una unene wa kama milimita 0.06 na umezunguka karibu mara 8,000. Ukisukuma sumaku, inaburuza mizunguko ya ndani kabisa, waya unakatika mahali ambapo mkono wa fundi haufiki, na pikapu inakuwa bubu mpaka izungushwe upya. Zipo pikapu ambazo koili imezungushwa kwenye kiunzi cha plastiki na sumaku zinapita katika matundu yake, hizo husukumika. Lakini kama hujaifungua ukaona kwa macho yako, ichukulie kuwa ni ya aina ya kwanza.

Sasa chanzo. Pikapu zako hazina ubovu wowote. Mpangilio huo wa nguzo ulifanywa kwa ajili ya nyuzi za zama nyingine. Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, ilipoingia sokoni mwaka 1954, seti za kawaida zilikuwa nene, na uzi wa tatu ulikuwa wa kuviringishwa, yaani una kiini cha chuma na waya mwingine umezungushiwa juu yake, kama ulivyo uzi wako wa nne. Pikapu haisikii unene wa uzi tunaouona sisi kwa macho, inasikia chuma. Uzi ukitetemeka juu ya sumaku unatikisa uga wa sumaku, uga ukitikisika umeme mdogo unazaliwa ndani ya koili, na kadiri chuma kinavyokuwa kingi ndivyo umeme unavyoongezeka. Katika uzi wa kuviringishwa, kazi kubwa hufanywa na kile kiini, ambacho ni chembamba. Uzi wa tatu wa siku zile ulikuwa hafifu mbele ya pikapu, kwa hiyo wakauinulia nguzo. Uzi wa pili ulikuwa chuma kitupu, tena mnene, wakauteremshia yake. Kwa nyuzi zile hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa.

Leo uzi wako wa tatu ni chuma kitupu cha 17, wa pili ni 13. Kiasi cha chuma hufuata mraba wa unene: 17 mara 17 ni 289, 13 mara 13 ni 169. Yaani uzi wa tatu una chuma mara 1.7 ya wa pili, na bado umewekewa nguzo ndefu, huku jirani yake mwenye chuma kidogo akiwekewa fupi kuliko zote. Kila kitu kimeegemea upande mmoja.

Na hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike. Ulipopandisha pikapu ulidhani unawasaidia wote sawa. Haiko hivyo. Nguvu ya sumaku hubadilika kwa kasi sana karibu na nguzo na polepole ukiwa mbali. Tuseme nguzo mbili zinapishana milimita 1. Uzi ukiwa milimita 1 juu ya ile ndefu, uko milimita 2 juu ya ile fupi, mara mbili ya umbali. Ukishusha pikapu hadi umbali uwe milimita 3 na 4, ile milimita 1 ni ileile lakini makali yake yamepungua sana. Kwa hiyo kupandisha kunakuza tofauti kati ya nyuzi, na kushusha kunaifinya. Uzi unaopiga kelele ndio wa kushughulikiwa, si ule ulio kimya. Sauti utakayopoteza kwa kushusha utairudisha kwenye kitufe cha amplifaya, ambacho kinawapandisha wote kwa kipimo kimoja.

Fanya hivi. Kwanza chomoa waya na upige gitaa likiwa kavu, sikio karibu na shingo. Kama uzi wa pili ni hafifu hata bila umeme, tatizo liko kwenye freti, kwenye nati pale kichwani (kipande chenye mifereji ya nyuzi), au kwenye kitandiko cha uzi huo kwenye briji (daraja linaloshika nyuzi mwilini), na hakuna skrubu ya pikapu itakayolitibu. Urefu wa nyuzi juu ya freti nao uwe umeshawekwa unavyoupenda, maana ukiubadilisha baadaye umbali wote wa pikapu unabadilika nao.

Kama gitaa kavu liko sawa, chukua rula yenye milimita. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho kabisa, pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya nguzo. Fanya hivyo pia kwa uzi wa kwanza. Fender hutaja kwa pikapu za mtindo wa kale kama milimita 2.4 upande wa uzi wa sita na milimita 2 upande wa uzi wa kwanza. Wewe anzia chini zaidi: milimita 3.5 na 3. Skrubu mbili za pembeni ndizo zinazofanya kazi hiyo. Ukikaza, pikapu inapanda. Ukilegeza, inashuka kwa nguvu ya springi. Usilegeze kupita kiasi, skrubu ikiachia pikapu inadondokea ndani ya mwili wa gitaa na itabidi ufungue kila kitu.

Anza na pikapu ya shingoni, kwa sababu hapo uzi unayumba kwa upana zaidi na sauti ni kubwa. Piga uzi wa sita na wa kwanza kwa zamu, kwa nguvu moja, uinue au ushushe kila upande mpaka hao wawili walingane. Usiangalie wa katikati kwanza. Robo mzunguko, sikiliza, robo mzunguko. Wakishalingana ndipo uende kwenye pikapu ya briji na kuipandisha ifikie sauti ya ile ya shingoni. Karibu na briji uzi unayumba kidogo tu, kwa hiyo hiyo itakaa juu zaidi kuliko mwenzake, ndivyo inavyotakiwa. Ya katikati iache chini, wapigaji wengi huigonga kwa piki (kipande cha kupigia nyuzi).

Angalizo la bisibisi: ncha yake ni chuma na sumaku itaivuta. Shika kwa mikono miwili, na volyumu ya amplifaya iwe sifuri unapozungusha, la sivyo ncha ikigusa nguzo spika itapokea kishindo.

Kuhusu uzi wa sita unaoyumba: hiyo ni sumaku inavuta uzi. Uzi hutetemeka juu na chini na pia kushoto na kulia. Sumaku ikiwa karibu mno inaingilia mtetemo, hasa ule wa juu na chini, ikauacha na mwendo tofauti kidogo na ule wa pembeni, na wewe unasikia noti mbili zikigombana. Hutokea zaidi freti za juu kwa sababu ukibonyeza huko uzi unasogelea pikapu. Shusha upande wa uzi wa sita na tyuna itatulia. Ikigoma kutulia hata pikapu zote zikiwa zimezama, hapo tutazungumza habari za briji.

SautiKavu, kwa heshima, ikwalaiza haijui uzi, inajua masafa tu. Noti ya uzi wa tatu ukiwa wazi ni hezi 196, na noti ileile iko freti ya 5 ya uzi wa nne. Ukikata hapo umekata nyuzi zote mbili, na ukibonyeza freti ya 7 ya uzi wa tatu noti imeshahama na kelele iko palepale. Kompresa inapunguza tofauti, hilo ni kweli, lakini inachukua pia ule uhai wa mkono, tofauti ya kupiga kwa upole na kwa nguvu. Mtu anayepiga noti nyepesi anauhitaji uhai huo kuliko mtu yeyote.

DadaNyuzi

Nakubaliana na fundi, niongeze njia ya kupima kwa anayeshindwa kuamini sikio lake. Baada ya saa nzima ya kusikiliza uzi mmoja mmoja, sikio huzoea na kila kitu kinaanza kuonekana sawa.

Ingiza gitaa moja kwa moja kwenye programu ya kurekodi, bila amplifaya na bila efekti yoyote. Volyumu na toni za gitaa ziwe juu kabisa. Piga kila uzi ukiwa wazi mara kadhaa, mahali pamoja, piki ileile, uuache ulie kabla ya kwenda mwingine. Kisha angalia mita. Usitazame kilele cha mwanzo peke yake, kwa sababu kilele kinaonyesha zaidi ulivyogonga. Tazama usawa wa sauti baada ya pigo, ule unaodumu. Nyuzi zikipishana chini ya desibeli 3 mimi huacha hapo. Desibeli 6 ni umeme mara mbili, hiyo lazima uisikie.

Rekodi kabla hujagusa skrubu, uwe na cha kulinganisha. Na usipime kwa nyuzi zilizochoka: nyuzi za kuviringishwa huanza kufifia kabla ya zile za chuma kitupu, na utajikuta unarekebisha uchakavu.

KushotoDaima

Jambo moja la pembeni ambalo linanivutia sana katika habari hii. Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa maarufu, alikuwa akipiga gitaa la mkono wa kulia akiwa amelipindua, na nyuzi amezipanga upya kwa mkono wa kushoto. Maana yake kila uzi ulipita juu ya nguzo isiyo yake: uzi wa pili ulikaa juu ya nguzo ya uzi wa tano, na wa tatu juu ya nguzo ya wa nne. Ile nguzo fupi iliyozama ikaangukia uzi wa tano. Na pikapu ya briji, ambayo imewekwa mshazari, ikageuka pia, upande wa nyuzi nene ukawa karibu zaidi na briji. Nami ni wa kushoto na gitaa langu limepinduliwa vivyo hivyo; uzi wangu wa pili haujawahi kuzama kama wa Mpigasolo.

Swali langu kwa fundi: gitaa langu la pili lina hambaka mbili, yaani pikapu za koili mbili mbili, na mstari mmoja wa kila pikapu una skrubu sita juu. Hizo nazo ni hatari kuzigusa?

FundiKoili

KushotoDaima, hizo ziguse bila hofu, zimewekwa kwa kazi hiyo. Katika hambaka aliyoibuni Seth Lover pale kampuni ya Gibson katikati ya miaka ya 1950, sumaku iko chini, imelala kati ya koili mbili, na skrubu ni chuma cha kawaida kinachopeleka nguvu ya sumaku juu kwenye uzi. Kuzungusha skrubu hakugusi waya. Ndiyo sababu pia hambaka hazivuti uzi kwa ukali kama nguzo ambazo ni sumaku zenyewe, na unaweza kuziweka karibu zaidi; milimita 1.6 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa ile ya briji na 2.4 kwa ile ya shingoni.

Ila kumbuka mambo mawili. Skrubu za pembeni ukizikaza pikapu inapanda, lakini hizi sita za juu ukizikaza zinazama. Watu wengi huchanganyikiwa hapo, wanageuza upande mmoja wakitarajia jibu la upande mwingine. La pili, zinarekebisha koili moja tu kati ya mbili, kwa hiyo badiliko ni dogo. Kama unataka kusogeza uzi mmoja kwa kiasi kikubwa na skrubu imechomoza mpaka inakaribia kugusa uzi, rudisha, ushushe nyingine badala yake. Mimi hupanga vichwa vyake vifuate mkunjo wa nyuzi kwanza, halafu nazamisha ya uzi wa tatu kwa mzunguko mmoja hivi na kusikiliza.

Mpigasolo

Nimerudi na majibu. Gitaa kavu liko sawa, nyuzi zote zinalia. Nimeshusha hadi 3.5 na 3, na kuyumba kwa uzi wa sita kumeisha kabisa, tyuna inatulia hadi freti ya 17. Nimerekodi kama alivyosema dada. Kabla ya kugusa, uzi wa tatu ulikuwa desibeli 8 juu ya wa pili. Sasa, baada ya kusawazisha pikapu ya shingoni, ni desibeli 5. Nafuu ni kubwa, na sauti nayo imekuwa wazi zaidi kuliko nilivyotarajia, noti zinadumu. Lakini 5 bado naisikia ninapovuka kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Nishuke tena?

FundiKoili

Hongera, na asante kwa kurudi na namba. Shuka kidogo zaidi ukipenda, lakini ukifika kama milimita 4 pikapu ya koili moja huanza kupoteza makali ya mwanzo wa noti, na kwa muziki wako hilo ni hasara. Kilichobaki kitibu kwenye nyuzi.

Toa uzi wa 17, weka wa 16. Kwa ile hesabu ya mraba, 256 kwa 289, umepunguza chuma kwa karibu asilimia 11 bila kugusa pikapu. Utalegea kidogo kwenye vidole, na itabidi urekebishe urefu wa uzi huo kwenye briji ili freti ya 12 isome sawa. Ukitaka badiliko kubwa, weka uzi wa tatu wa kuviringishwa wa 18. Hapo utakuwa umeirudishia pikapu uzi iliyotengenezewa, na usawa utakushangaza. Gharama yake ni kwamba uzi wa kuviringishwa haukubali kuvutwa kwa kidole kama ule mtupu, na freti zikichakaa utasikia mkwaruzo. Kwa mtu wa kodi na noti safi ambaye havuti nyuzi sana, mimi ningeujaribu huo kwanza.

Pikapu mpya ziwe hatua ya mwisho. Ukifika huko tafuta zenye nguzo zinazolingana urefu. Fender wenyewe walizitengeneza hivyo kwa miaka kadhaa kuanzia katikati ya miaka ya 1970. Ila uliza kwanza mkunjo wa ubao wa freti zako. Ubao wa mkunjo wa inchi 7.25 (nusukipenyo cha duara lake) unainua nyuzi za katikati kwa karibu milimita 1.7 juu ya zile za pembeni pale kwenye pikapu, wa inchi 12 unainua kama milimita 1. Juu ya nguzo zilizolingana, mkunjo mkali, ule wa namba ndogo, unauweka uzi wa tatu mbali na sumaku, na kwako hilo ni msaada. Lakini unauweka wa nne mbali vilevile, na huo hauna chuma cha kupoteza.

Mpigasolo

Huwa navuta uzi wa pili zaidi kuliko wa tatu, kwa hiyo wa kuviringishwa unanifaa. Nimeagiza wa 18. Swali la mwisho: nikishauweka, nianze upya vipimo vyote?

FundiKoili

Upande wa nyuzi nene uache ulivyo. Uzi wa tatu utashuka sauti, kwa hiyo huenda ukaweza kupandisha upande wa uzi wa kwanza robo mzunguko au nusu, na uzi wa pili utapanda nao. Rekodi tena nyuzi zote sita kabla hujagusa skrubu, na upe uzi mpya muda wa kunyooka kwanza, kwa sababu ukiendelea kulegea utakuwa unausikiliza kwa mkazo usio wake. Kisha rudi kwenye pikapu ya briji uisogeze ifuate ile ya shingoni.